Malori yapewe pa kulala, mitaa ya Tunduma ipitike

Dereva aliyepakia bandarini Dar es Salaam mzigo wa Lubumbashi, akifika mpakani Tunduma ameshakula zaidi ya kilomita 900. Anataka kuoga, kula na kulala, na nyaraka zake bado ziko kwa wakala. Akikuta foleni imegoma na yadi zimejaa, atapaki popote penye upenyo: mbele ya duka, kwenye kona ya mtaa, mlangoni kwa mtu. Mlango huo ni wetu sisi tunaoishi Majengo, Sogea, Kaloleni na Maporomoko.

Mimi ni mzaliwa wa Ruanda, Wilaya ya Mbozi. Huleta maharage na mahindi kutoka nyumbani kuja kuyauza Tunduma, na chumba ninachopanga kiko hatua chache tu kutoka barabara kuu. Nina haja na gari kwa sababu bila gari mzigo wangu haufiki. Lakini pia ni mama, na asubuhi nawashika watoto mkono tukipita katikati ya matairi yanayowazidi kimo, tukitafuta njia ya kwenda shule. Kwa hiyo siandiki kuwafukuza madereva. Nasema kwamba mji unaoishi kwa malori una wajibu wa kuyapa pa kulala.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 5, 2019 na Rais John Magufuli pamoja na Rais Edgar Lungu wa Zambia. Nia ilikuwa njema: lori lisimame mara moja, badala ya kukaguliwa upande wetu kisha kuanza upya upande wa pili. Hata hivyo, mzigo unaopita hapa ni mwingi mno. Mafuta, mbolea na salfa vinakwenda, shaba ya Zambia na Kongo inarudi. Mtandao ukisumbua, au karatasi moja ikikosekana, gari linalala. Tukipanga mji wetu kwa kutumaini kwamba foleni itakwisha, tutangoja sana.

Kinachonitia hofu zaidi ni lori la mafuta kulala karibu na jiko la mkaa la mama lishe. Agosti 10, 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua watu zaidi ya 100. Baada ya msiba ule, hakuna kiongozi wala mkazi wa mji wa barabara kuu anayeweza kusema hakujua. Magari ya mafuta na kemikali yawe na eneo lake, mbali na nyumba, na yasiruhusiwe kulala mtaani hata usiku mmoja.

Nimesikia wengi wakisema dawa ni faini na minyororo. Faini inamhamisha dereva kutoka mtaa wa Majengo kwenda Sogea, basi. Akipata yadi yenye taa, ulinzi, choo safi, maji ya kuoga na kibanda cha chakula, atakwenda mwenyewe bila kusukumwa na mgambo. Yadi hizo ziwe upande wa Mpemba, kabla gari halijaingia mjini, na dereva aitwe kuelekea mpakani nyaraka zake zikikamilika. Bei iandikwe kwenye ubao getini, tena iwe bei ambayo posho yake inaimudu. Ikizidi, kesho yake tutamkuta tena mlangoni.

Hapo kuna ofisi tatu zinazopaswa kukaa meza moja. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa ni za TARURA, iliyoundwa mwaka 2017. Sheria ndogo ni za Halmashauri ya Mji. Mkazi akilalamika, asizungushwe kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kila mtaa ubandikwe namba moja ya simu ya kupiga pale njia inapozibwa, na anayepokea awe na mamlaka ya kuliondoa gari.

Wakati tunasubiri yadi, yapo mambo yasiyohitaji bajeti. Dereva, ukipaki mtaani acha karatasi yenye namba yako ya simu kwenye kioo cha mbele, pahali inaposomeka. Usiku wa manane mjamzito akishikwa na uchungu, tusizunguke gesti hadi gesti tukikuulizia. Usipaki kwenye kona wala kwenye njia panda, maana bodaboda na mtoto hawaonani hadi wamegongana. Penye mteremko weka kigingi chini ya tairi, usiiamini handibreki peke yake. Unaporudi nyuma, utingo ashuke, asimame mahali unapomwona, na akague chini ya tela kwanza. Watoto wetu huchezea huko kwa sababu hatujawaachia uwanja mwingine. Na tafadhali usiiache injini ikinguruma usiku kucha chini ya dirisha la watu.

Sisi wenyeji nasi tuna letu. Anayejenga anamwaga mchanga na mawe barabarani, yanakaa hadi mvua inayasomba kuziba mfereji. Mwenye duka anasogeza meza kila mwezi, mwishowe mteja anatembea katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Eneo lile ni la umma. Hatuwezi kumkemea dereva aliyeziba njia ilhali mchanga wetu umeziba nusu yake. Mama lishe, nawaomba: msiwashe jiko karibu na tela la mafuta, hata kama wateja ndiko waliko. Nanyi mnaokodisha uwanja wa nyumba kwa magari ya usiku, pimeni kwanza kama gari la zimamoto linaweza kupita lori likishaingia. Likishindwa kupita, fedha hiyo inahatarisha nyumba za majirani zenu wote.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunduma imepona kweli kwa wageni hawa: gesti, migahawa, maduka na magenge yetu yanawategemea, na maharage yangu ya Ruanda pia huliwa nao. Ndiyo maana nasema sehemu ya fedha inayokusanywa kwao irudi kuwajengea mahali pa staha, na kuturudishia sisi njia ya kupita.

Wenyeviti wa mitaa, mkutano ujao wekeni ajenda hii mwanzoni, kabla watu hawajaanza kuondoka. Tukubaliane mambo matatu: njia zipi lori lisiingie kabisa, magari ya mafuta yakae wapi, na nani apigiwe simu njia ikizibwa. Muhtasari wake upelekwe halmashauri ukiwa na saini za wakazi, nasi tuufuatilie hadi tupate majibu kwa maandishi.