Kipimo cha Damu Kisisahaulishe Ufa

Saratani ya utumbo mpana haizuki kwa siku moja. Mara nyingi huanzia katika kinyama kidogo kiitwacho polipu, kiotacho kwenye utando wa ndani wa utumbo. Polipu nyingi hazina madhara; chache hubadilika polepole, kwa muda ambao kwa kawaida hufikia miaka 10 au zaidi, hata zikawa saratani. Ndiyo maana ugonjwa huu, ambao mwaka 2022 ulikadiriwa kuua watu wapatao 900,000 duniani, ni miongoni mwa saratani chache ziwezazo kuzuiwa kabla hazijaanza. Daktari akiiona polipu na kuiondoa, saratani ambayo ingetokana nayo haitokei. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Polipu ndiyo ufa.

Kwa sababu hiyo kila kipimo kipya chapaswa kuulizwa maswali mawili. Je, chaweza kutambua saratani iliyokwisha kuwapo? Na je, chaweza kutambua ufa? Vipimo vya damu, ambavyo leo vinasifiwa sana, hujibu vizuri swali la kwanza, na la pili hulijibu vibaya.

Hamu ya kuisoma saratani katika damu si mpya. Mwaka 1965 Phil Gold na Samuel Freedman, wa Montreal nchini Kanada, waligundua katika uvimbe wa saratani ya utumbo protini iitwayo CEA. Ilitumainiwa kwamba protini hiyo ingefichua ugonjwa mapema. Baadaye ilionekana kwamba huongezeka pia katika damu ya wavutaji wa sigara na ya watu wenye baadhi ya maradhi ya ini, na kwamba wengi wenye saratani changa hawana ongezeko hilo. Leo CEA hutumiwa hasa kuwafuatilia wagonjwa wanaojulikana, wala si kutafuta ugonjwa kwa watu wasio na dalili.

Vipimo vya sasa vimefuata njia nyingine. Seli zinapokufa huacha vipande vya DNA ambavyo huingia katika damu. Seli za saratani nazo hufanya hivyo, na vipande vyake huwa na alama za kuvitambulisha. Mwezi Julai 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha aina hiyo, kiitwacho Shield, kwa watu wa miaka 45 na zaidi wasio katika hatari kubwa kuliko kawaida. Katika uchunguzi wa watu karibu 8,000 uliochapishwa mwaka huo, kilitambua saratani 83 katika kila 100. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini polipu zilizokwisha kuelekea saratani kilizitambua 13 tu katika kila 100, kwa kuwa kinyama kidogo humwaga DNA chache mno katika damu.

Kiko kipimo cha kinyesi cha bei nafuu, ambacho hutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Katika uchunguzi mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, kipimo hicho kilitambua saratani 74 na polipu za namna hiyo 24 katika kila 100. Matokeo ya chunguzi mbili hayalinganishwi kama vitu katika mizani, lakini yatosha kuonyesha kwamba kipya si lazima kiwe bora.

Jambo lingine mwanafunzi aweza kulikokotoa mwenyewe. Ichukuliwe kwamba watu 10,000 wasio na dalili wamepimwa damu, na kwamba 50 kati yao wana saratani. Kipimo kitawatambua 41 au 42, na kuwakosa waliobaki. Miongoni mwa wale 9,950 wasio nayo, kipimo hukosea kwa watu wapatao 10 katika kila 100. Basi watu 995 wataambiwa kuna shaka. Hivyo katika kila watu 100 watakaotiwa hofu, wenye saratani ni 4 tu. Wote hawana budi kufanyiwa kolonoskopi, yaani kuchunguzwa utumbo kwa mrija mwembamba wenye kamera, upitishwao katika njia ya haja kubwa. Pasipo hilo, jibu la maabara ni hofu iliyoandikwa karatasini.

Hapa Afrika ya Mashariki wagonjwa wengi wa saratani hii hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, na vyombo vya kolonoskopi hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Kwa hiyo fedha ingefaa itangulie kununua vyombo hivyo na kuwasomesha watakaovitumia, ndipo vipimo vya damu vifuate.

Watetezi wa vipimo vya damu husema kwamba kipimo bora ni kile ambacho mtu atakubali kufanyiwa. Hoja hiyo ina uzito. Anayekataa katakata vipimo vingine, heri apimwe damu kuliko asipimwe kabisa. Lakini kinachowafanya wengi wakatae ni aibu, na aibu haiondolewi maabarani, huondolewa darasani. Mwalimu wa biolojia afundishaye safari ya chakula asiikatishe njiani kwa kuona haya. Mwanafunzi aliyezoea kutaja kinyesi bila kucheka ndiye atakayemwambia mzazi wake kwamba damu katika choo, au kukonda pasipo sababu, si mambo ya kungojea kipimo chochote cha watu wazima wenye afya, bali ni ya kumwona daktari mara moja. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Huenda vipimo vya damu vya kesho vitauona ufa. Vya leo bado huuona kwa nadra, na haifai mtu aliyepewa jibu la kutuliza moyo aamini kwamba ukuta wake umekaguliwa wote.