Mazingira ya stesheni yapimwe kwa mtaa mzima

Ndugu Mhariri,

Natoa maoni yangu juu ya ujenzi wa maghorofa katika mitaa inayoizunguka stesheni mpya ya treni hapa Dar es Salaam.

Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024, na mwezi Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma. Kituo cha mabasi yaendayo haraka cha Gerezani nacho hakiko mbali na stesheni hiyo. Kwa hiyo ni jambo la kutarajiwa kwamba kila mwenye kiwanja Gerezani na Kariakoo atatamani kubomoa nyumba yake ya chini na kujenga ghorofa. Hata zamani mji huu ulikua kwa kuifuata reli, tangu Reli ya Kati ilipoanza kujengwa hapa mwaka 1905.

Mimi siyo mpinzani wa ghorofa. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta watu 5,383,728 katika mkoa huu. Ni heri wengi wetu tuishi mahali ambapo mtu anaweza kwenda kwa miguu mpaka kwenye treni au basi, kuliko kila siku kusukumwa mbali zaidi, kuamka kabla ya jogoo na kumaliza saa nzima barabarani katika moshi wa magari. Wataalamu wa mipango miji wanalishauri jambo hili, nami nakubaliana nao.

Wasiwasi wangu ni jinsi mazingira yanavyopimwa kabla ya kujenga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi ya aina zilizotajwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Mwenye mradi humtafuta mtaalamu aliyesajiliwa, naye hueleza mradi ule utaleta madhara gani na yatazuiwaje. Huo ni utaratibu mzuri, lakini hutazama mradi mmoja mmoja.

Tuchukue mfano. Mtaa una mitaro na mabomba ya majitaka yaliyowekwa wakati wa nyumba za chini zenye ua na mwembe. Anakuja mtu wa kwanza na ghorofa lake. Mtaalamu anapima kwa uaminifu, anaona majitaka yatakayoongezeka ni kidogo, kibali kinatoka. Anakuja wa pili, naye anaambiwa ni kidogo. Akifika wa kumi, kila mmoja ana karatasi safi mkononi, lakini uani hakuna tena udongo wa kunywa maji ya mvua, mtaro umefurika na kinyesi kinaelea mbele ya duka. Haba na haba imejaza kibaba, na hakuna hata mmoja anayeweza kuulizwa.

Ndugu Mhariri, gharama ya kujenga kwanza na kuyafikiria maji baadaye tunaijua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu katika bonde la Msimbazi, na Serikali ikawahamishia waathirika wengi Mabwepande. Lakini karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwezi Mei 2016, ikajengwa pale pale Jangwani. Maji yakaingia zaidi ya mara moja, mabasi yakaharibika, na barabara ya Morogoro ikawa inafungwa kila mvua ikizidi. Sisemi kwamba hakuna tathmini iliyoandikwa. Nasema kwamba mto haukuisoma. Baadaye ukaletwa Mradi wa Bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi zake ni kuweka daraja la juu zaidi na kuihamisha karakana hiyo hiyo. Fedha hizo zingetosha kufanya mengine.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa wahusika.

Kwanza, sheria hiyo hiyo ya 2004 ina kipengele cha Tathmini ya Mazingira Kimkakati, ambayo hupima mpango mzima badala ya mradi mmoja. Ifanywe kwa Gerezani na Kariakoo yote, ionyeshe mitaro, majitaka, maji safi, takataka, njia za waenda kwa miguu na njia ya gari la zimamoto vinaweza kubeba watu wangapi.

Pili, idadi ya ghorofa iruhusiwe kwa kufuata kipimo hicho. Na kila anayejenga achangie kupanua mtaro na bomba la mtaa, siyo lile la mlangoni kwake tu.

Tatu, wananchi waulizwe mtaani kwao, jioni watu wakiwa wametoka kazini. Kanuni za mwaka 2005 zinataka muhtasari wa tathmini uwepo kwa Kiswahili pia. Basi ubandikwe kwenye ofisi ya Serikali ya Mtaa, ili wapangaji, wachuuzi na mama lishe nao wausome, siyo wenye viwanja peke yao.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo haya yatachelewesha maendeleo. Nawajibu kwamba mtaa ukishapimwa mara moja vizuri, kila mjenzi atakuta nusu ya kazi yake imekwisha fanywa. Kinachochelewesha maendeleo ni kufukua barabara iliyokwisha wekwa lami ili kupitisha bomba lililosahauliwa.

Treni tumeipata, nasi tunajivunia. Tusikubali abiria wake washuke na kuvua viatu ili wavuke maji machafu.

Mwananchi,
Ilala, Dar es Salaam.