Kucheza ni kazi moja, kufundisha ni nyingine



Kijana apigaye mpira vizuri hupata wafuasi popote. Miguu yake ikichoka, watu husema: «Sasa na awafundishe wadogo zake, maana ni nani aujuaye mpira kuliko yeye?» Neno hilo lina sura ya kweli, lakini yafaa tulipime. Mzani wetu leo ni maisha ya mtu mmoja wa nchi ya Bulgaria, Hristo Stoichkov.

Alizaliwa mwaka 1966 katika mji wa Plovdiv. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na nguvu na akili pamoja, walakini moyo wake ulikuwa mwepesi wa kuwaka. Mwaka 1985, alipokuwa na miaka 19, fainali ya Kombe la Bulgaria kati ya CSKA na Levski, timu mbili za mji mkuu Sofia, iligeuka kuwa ugomvi. Wakuu wa nchi wakakasirika, wakawaadhibu wachezaji kadhaa, na Stoichkov akakatazwa mpira maisha yake yote. Baadaye adhabu ilipunguzwa, akarudi uwanjani.

Aliporudi, CSKA ilikuwa mikononi mwa Dimitar Penev, aliyekuwa beki wa timu hiyohiyo na aliyecheza Kombe la Dunia mara tatu: 1966, 1970 na 1974. Chini yake kijana akakomaa. Mwaka 1989 CSKA ilikutana na Barcelona katika nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya. Ilishindwa mara zote mbili, lakini mabao yake yote matatu yalifungwa na Stoichkov, na Johan Cruyff, mwalimu wa Barcelona, akamwona. Mwaka 1990 Stoichkov alifunga mabao 38 katika ligi ya nchi yake, akagawana Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya na Hugo Sánchez wa Mexico, kisha akahamia Barcelona. Kabla ya mwaka huo kwisha, katika mchezo na Real Madrid, alimkanyaga mwamuzi mguuni kwa hasira, akafungiwa tena. Timu ilimvumilia, naye akailipa: mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa waliochukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya.

Ndipo ukafika mwaka 1994, Kombe la Dunia katika Marekani. Bulgaria ilikuwa imekwisha kushiriki mara tano bila kushinda hata mchezo mmoja. Mwalimu wa taifa sasa alikuwa Penev yuleyule. Siku ya kwanza Nigeria iliwapiga 3–0. Kipigo hicho kingeweza kuvunja timu nyingine, lakini hao hawakuvunjika. Waliishinda Ugiriki 4–0, Argentina 2–0, na Mexico kwa penalti. Tarehe 10 Julai walikutana na Ujerumani, mabingwa wa dunia wa wakati huo. Ujerumani ilitangulia kufunga. Stoichkov akasawazisha kwa mpira wa adhabu katika dakika ya 75, na baada ya dakika tatu tu Yordan Lechkov akafunga kwa kichwa. Italia iliwazuia katika nusu fainali, 2–1, wakamaliza wa nne. Stoichkov alifunga mabao sita, sawa na Oleg Salenko wa Urusi, na mwaka huo akapewa Mpira wa Dhahabu wa Ulaya.

Alistaafu kucheza mwaka 2003, na mwaka uliofuata akakabidhiwa timu ya taifa. Wengi walitumaini kuiona 1994 mara ya pili. Haikuwa hivyo. Bulgaria ilikosa Kombe la Dunia la 2006, na mwaka huo kapteni Stiliyan Petrov akajitenga na timu kwa kutoelewana na mwalimu. Petrov alirudi mwaka 2007, na mwaka huohuo Stoichkov akajiuzulu, akaenda Celta Vigo katika Hispania. Aliikuta imekwisha kuzama shingoni, ikashuka daraja. Afrika Kusini aliiongoza Mamelodi Sundowns katika msimu wa 2009–2010, ikamaliza ya pili. Mwaka 2013 alirudi CSKA, akaondoka kabla ya kuiongoza katika mchezo wowote rasmi.

Je, aliusahau mpira? La. Lakini moto wa mchezaji huwaangukia wapinzani, na moto wa mwalimu huwaangukia watu wake mwenyewe. Mchezaji hufanya alijualo kwa mguu wake. Mwalimu hana budi kulifanya kwa miguu ya wengine, tena wengine wasio na kipawa chake. Aliyepewa mengi bila kufundishwa huona taabu kueleza, na huchoka upesi na wanaochelewa kuelewa.

Tusimdharau mtu huyu. Furaha aliyowapa watu wake si ndogo. Ila tukumbuke kwamba yeye mwenyewe asingalifika kule kama mlango uliofungwa mwaka 1985 usingalifunguliwa tena. Basi, tunapomtafutia kijana mwalimu, wa mpira au wa ufundi wowote, tusiulize tu: «Alifunga mabao mangapi?» Tuulize pia: «Amewavumilia wangapi mpaka wakakomaa?» Katika majira yale ya 1994 Penev hakupiga mpira hata mmoja langoni. Lakini bila yeye, nani angaliwaongoza wapigaji?