AFYA YA RUBANI NA MSHAHARA WAKE



Wako wanaosema kwamba sheria ya kuwapima marubani ni udhia mtupu, maana ndege huangushwa na mitambo mibovu au hali mbaya ya hewa. Mimi nasema sheria hiyo ni ya lazima, lakini daktari peke yake hawezi kuilinda ndege.

Kanuni za kimataifa zinamtaka rubani wa ndege za abiria apimwe afya kila miezi 12. Akifika miaka 60 hupimwa kila miezi 6, na akifika 65 haruhusiwi tena kupeleka abiria kutoka nchi hadi nchi.

Tazameni yaliyotokea Uingereza tarehe 18 Juni 1972. Ndege aina ya Trident iliondoka London kwenda Brussels, na kabla dakika 3 hazijatimia ikaanguka karibu na mji wa Staines, wakafa watu wote 118. Maiti ya rubani mkuu ilipopasuliwa, mshipa wa moyo wake ulionekana umechanika na kuvuja damu muda mfupi kabla ya kifo. Naye alikuwa akipimwa kama kawaida, mashine ya moyo isionyeshe neno. (Na hili ni letu sisi watu wa vyama: kabla ya safari alikuwa amegombana vikali na rubani mwenziwe juu ya shauri la mgomo.)

Huyo hakujua kwamba ni mgonjwa. Lakini yule rubani msaidizi wa Germanwings, aliyeibamiza ndege kwa makusudi katika milima ya Alps, Ufaransa, tarehe 24 Machi 2015, wakafa watu 150, alijua. Madaktari walikuwa wamemwandikia vyeti vya kupumzika, akavificha. Alikuwa na ugonjwa wa akili, alikuwa na deni la masomo ya urubani, na leseni ikiondoka mshahara nao unaondoka. Simtetei, ameua watu. Nauliza tu sheria ilimpa njia gani ya kusema kweli.

Mimi ni dereva wa lori. Zamani tulipokwenda kupimwa macho, aliyetangulia kutoka alitunong'oneza herufi za ubaoni, nasi tukaingia tumezikariri kama watoto wa chuoni. Hatukuwa watu wabaya. Mwenzetu mmoja alikuwa amesema wazi kwamba usiku haoni vizuri, akapewa barua ya kuachishwa siku ile ile. Baada ya hapo nani angesema?

Huko Ulaya wameanza kuelewa. Tangu mwaka 2021 sheria inayalazimisha mashirika ya ndege yawe na mpango ambao rubani mwenye shida huweza kuzungumza na rubani mwenziwe na kusaidiwa mapema.

Basi tunapokaa na matajiri kutengeneza mapatano, yawe ya marubani au ya madereva wa mabasi, garimoshi na kreni, jambo hili liandikwe: mtu akisema mwenyewe kwamba anaumwa, ashushwe kazini siku hiyo, atibiwe huku akilipwa mshahara wake, na asipopona apewe kazi nyingine anayoiweza. Matajiri watasema ni gharama kubwa. Nasi tuwaulize wanalipa shilingi ngapi kila mwaka kwa bima ya ndege moja.