Sharti la Umri Lisisingiziwe

Mwandishi aliyedai kwamba sharti la miaka 23 limeidhalilisha kandanda ya Olimpiki kwa kuwanyima watazamaji nyota wao, amesahau, au ameridhia kusahau, kwamba tangu 1996 kila timu ya wanaume huruhusiwa wachezaji watatu waliopita umri huo, na kwamba mwaka uleule bao lililoipa Nigeria dhahabu mbele ya Argentina lilitiwa na Emmanuel Amuneke, mmoja wa watatu hao, aliyekuja baadaye kuifunza Taifa Stars. Hata Messi, katika Olimpiki ya 2008, alikuwa na miaka 21. Aliyetaka kumzuia si umri, bali Barcelona, klabu yake, iliyoshitaki katika mahakama ya michezo na ikashinda, naye akacheza Beijing kwa hisani tu. Basi lawama ziwaendee mabwana wa vilabu, ambao hawana faradhi ya kumwachia mtu.