Ardhi ya jamii: Mali bila daftari huisha bila habari

SHERIA ya Ardhi ya Jamii ilipoanza kutekelezwa Septemba 2016, wafugaji wengi walidhani dhuluma za tangu enzi za ukoloni zimefika kikomo. Hata hivyo, sheria peke yake haimpi mtu hatimiliki.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 63, inatamka kwamba ardhi hiyo ni ya jamii zenyewe. Lakini kifungu hicho hicho kinaiacha ile ambayo haijasajiliwa mikononi mwa serikali za kaunti, ziitunze kwa niaba ya wenyewe.

Hapo ndipo penye utata. Zamani wadhamini walikuwa mabaraza ya kaunti, na Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilifichua jinsi ardhi waliyokabidhiwa ilivyogawanywa kama njugu.

Ni kweli kwamba sheria ya 2016 inaikataza kaunti kuuza ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa. Ila Serikali ikiitwaa kwa mradi wa umma, fidia huwekwa katika akaunti maalumu inayosimamiwa na kaunti hadi jamii ijisajili. Mfugaji hupoteza malisho leo, pesa akazisubiri pasipo kujua zitamfikia lini.

Usajili nao si lelemama. Jamii hualikwa mkutanoni, ikachagua kamati ya watu saba hadi 15, ikaandaa orodha ya wanachama na kanuni zake, kisha ardhi ikapimwa. Kwa watu wanaohama wakifuata mvua, na ambao mpaka wao ni kisima au kilima, orodha hiyo huweza kuzua swali chungu: nani mwenyeji na nani mgeni?

Si ajabu basi kwamba Il Ngwesi na Musul za Laikipia, zilizotangulia kupata hati, zilikuwa tayari ranchi za pamoja zenye daftari na mipaka. Aliyekuwa na karatasi ndiye aliyeongezewa karatasi.

Jamii ikishasajiliwa, ardhi yake haiuzwi bila idhini ya thuluthi mbili ya wanachama. Hiyo ni ngao madhubuti, lakini haimkingi asiyeishika.

Kwa hivyo, kaunti zipeleke maafisa na wapimaji mashinani badala ya kungoja wazee wabishe hodi afisini. Nao wazee waanze kuandika majina sasa, ya wanawake na vijana yakiwemo, maana sheria inawapa haki sawa. Mdhamini mwema hafurahii usingizi wa anayemtunzia mali.