Mjomba, usiukate ule mwembe!

Boom halijatoka, kwa hiyo Jumapili nilienda Goba kwa mjomba kusaka wali. Wali niliupata, ila na ugomvi pia, na mwanzilishi ni mimi mwenyewe.

Mjomba anajenga. Msingi bado, lakini ramani anayo, kaichukua kwa rafiki yake. Sebule na vyumba vyote vinatazama magharibi, eti barabara iko huko. Madirisha ni aluminiamu ya kusukuma. Mwembe unakatwa, uwanja wote unapigwa pevingi. Nikauliza, "Na joto, mjomba?" Akajibu, "Tutafunga AC."

Jamani! Hapa hosteli nalala chumba kinachotazama magharibi. Ukuta unaota jua kuanzia saa nane mpaka linazama, halafu usiku kucha unatutemea lile joto. Feni inazungusha moto tu. Hiyo AC itakula LUKU ya nani?

Hii si siri ya maprofesa. Jua la asubuhi na la jioni linapiga ukuta ubavuni, upenu haulizuii. La mchana liko juu, upenu mpana unalimaliza. Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi, kisha inakuja kusi. Basi ulaze nyumba ubavu mrefu utazame kaskazini na kusini, madirisha yatazamane, upepo uingie na kutoka bure. Mlango utazame barabara, sawa, lakini vyumba vina kosa gani? Na dirisha la kusukuma, hata ulifungue vipi, nusu yake imezibwa na kioo.

Mtaniambia huo ni ushamba. Wazee wa pwani walijenga kuta nene za mawe na chokaa, wakaweka baraza kivulini, wakapunga upepo. Sisi wa kisasa tunaifungia nje hewa ya Mungu, halafu tunainunua kwa uniti! Na pevingi hainywi maji. Masika ikija, yote yanateremka kwa jirani wa bondeni.

Mjomba akawaka: "Nimekusomesha uje unifundishe kujenga?"

Ndiyo, mjomba, shikamoo. Ada ulilipa wewe, sasa faidi. Kugeuza ramani ni kazi ya kifutio, kugeuza ukuta ni kazi ya nyundo. Na ule mwembe unaotaka kuukata ndio tuliokaa chini yake tukigombana, maana ndani hakukaliki.

Fundi anaanza Jumamosi. Wadau mnaosoma majengo, nani ananisindikiza Goba? Nauli kila mtu yake.